Fundi Aliyenipima Kilo Kabla ya Kushika Spana

Kwa miezi saba kila jioni nilikuwa naandika namba moja pembeni mwa daftari langu la biashara: mayai yaliyovunjika njiani. 14. 11. 17. 14. Nabeba trei 24 kwa safari, yaani mayai 720, kutoka Kisesa mpaka madukani Buzuruga, Mabatini na Mlango Mmoja, mara nne kwa wiki. Kwa bei ninayouzia, yai moja ni shilingi 300. Yakivunjika 14 nimepoteza 4,200, na hapo petroli sijaitoa. Watu walinishauri ninunue trei za plastiki, wengine nitandike godoro chini ya boksi. Nilifanya yote mawili. Mayai yakaendelea kuvunjika.

Tatizo lilikuwa shokapu, na aliyelitatua ni fundi mmoja wa Igoma ambaye gereji yake haina hata bango. Naandika kwa ajili ya mwenye pikipiki yeyote wa Mwanza anayebeba kitu kinachovunjika, au ambaye kinachovunjika ni mgongo wake mwenyewe.

Kwanza mnijue, maana bila hilo hamtaelewa kilichofanyika. Ni mwanamke wa kilo 56, urefu wangu sentimita 158, naendesha TVS HLX 125 niliyoinunua mkononi kwa mtu. Siku niliyoinunua niliipeleka gereji moja mjini nikasema, "Nabeba mzigo." Sikuulizwa mzigo gani. Wakatoa shokapu za nyuma zilizokuja na pikipiki, wakafunga zile wanazoziita za mzigo, zenye springi nene kama za bajaji, wakazikaza kwa ile ringi inayobana springi mpaka ngazi ya mwisho. Yule kijana aliyefunga akaniambia, "Sasa dada hata ukipakia saruji, haizami." Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka.

Kweli haikuzama. Ndilo lililokuwa tatizo lenyewe, ila ilinichukua miezi saba kulijua. Nikipita kwenye rasta za lami pale Nyakato, kila mstari nausikia kwenye meno. Ile barabara ya mawe yaliyopangwa inayopanda mlimani Mabatini, kwa mteja wangu wa trei sita, nilikuwa naipanda nimesimama kwenye vikanyagio ili kiuno kipumzike. Na kwa kuwa pikipiki ilikuwa imeinuka nyuma, nikisimama kwenye foleni nagusa chini kwa ncha za vidole tu, na nyuma yangu kuna boksi la mayai linalotaka kuniangusha. Nilidhani ufupi wangu ndio wenye makosa.

Aliyenielekeza kwa fundi huyu ni kaka anayeleta maziwa mjini kwa madumu. Alinisikia nikilalamika kuhusu mgongo, akasema, "Nenda Igoma, kuna mzee ana kontena chini ya mwarobaini. Ila usiende na haraka."

Nilifika asubuhi saa mbili. Nikamwamkia, akaniitikia, kisha akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama. Nikamweleza shida. Nilitegemea achukue spana. Badala yake alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaanza maswali. Una kilo ngapi? Mzigo kilo ngapi? Unarudi na nini? Unapita lami kiasi gani na vumbi kiasi gani? Pikipiki unaoshea wapi? Hilo la mwisho lilinishangaza. Nikamwambia mdogo wangu huwa anaioshea ziwani, kule Igombe, akienda kwa marafiki zake. Akaguna, akainama kuangalia shokapu za mbele, akapitisha kidole kwenye bomba linalong'aa. Kidole kikatoka na oili iliyochanganyika na mchanga laini. "Mchanga huu ndio unaokata sili, ile raba inayozuia oili isivuje," akasema. "Muioshee nyumbani kwa ndoo."

Uzito wa mzigo sikuujua. Najua trei, sijui kilo. Akanirudisha nyumbani! Akasema nije kesho na boksi langu, nije na uzito wa mayai lakini nisije na mayai. Siku hiyo niliudhika, sitaficha, kwa sababu nilikuwa nimefunga biashara ili niende kwake. Nyumbani nikapima trei moja iliyojaa kwenye mizani ya duka la nafaka: kilo 1.8. Mara 24, kilo 43 na kidogo. Nikajaza mchanga kwenye viroba vidogo mpaka ukafika uzito huo, nikavipanga ndani ya boksi la mbao ambalo peke yake lina kilo 9. Kesho yake nikarudi na kilo 52 nyuma, pungufu kidogo tu ya uzito wangu mimi mwenyewe. Kumbe muda wote nilikuwa nabeba mtu mzima wa pili, na sikuwahi kulifikiria hivyo.

Sasa ndipo kazi ikaanza, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijawahi kuiona kwenye gereji nyingine yoyote.

Aliisimamisha pikipiki kwa stendi kubwa mpaka gurudumu la nyuma likaning'inia. Akabandika kipande cha plasta ya kidonda chini ya mkia wa kiti, akachora mstari kwa kalamu. Akapima kwa futi kutoka katikati ya nati ya ekseli kwenda juu mpaka kwenye mstari: sentimita 48.6. Akaitoa stendi, akaisukuma chini mara mbili, akaiacha itulie: 48.3. Akaniambia nipande, miguu juu ya vikanyagio kama ninavyoendesha, kijana wake akishika usukani. 47.5. Akaweka boksi la mchanga, nikapanda tena: 46.3. Namba zote akaziandika kwa chaki kwenye mlango wa kontena.

Kisha akanieleza kwa utulivu kama mwalimu. Gurudumu la nyuma la pikipiki yangu linaweza kusafiri kama sentimita 10 juu na chini. Mwendeshaji akikaa, pikipiki inatakiwa izame kati ya robo na theluthi ya safari hiyo. Kuzama huko ndiko kunakolipa gurudumu nafasi ya kushuka kwenye shimo likaendelea kugusa ardhi, na sehemu inayobaki ndiyo ya kumeza tuta. Mimi nikiwa peke yangu nilizamisha sentimita 1.1. Mimi na mayai yote, 2.3. Yaani zaidi ya sentimita saba za shokapu zilikuwa karibu zinakaa bure, huku mayai yangu yakimeza matuta yote.

"Mayu," akasema, "pikipiki hii imefungwa kwa ajili ya mtu mwingine. Wewe unaiazima tu."

Nikamuuliza swali ambalo kila mtu angeuliza: si ulegeze tu hiyo ringi, ishuke ngazi? Hakujibu kwa maneno. Alichukua springi moja ya zamani, akaitundika kwenye bawaba ya mlango wa kontena, akaniletea mawe ya mizani ya kilo mbili mbili. Akaning'iniza la kwanza: springi ikashuka upana wa kidole. La pili: kidole kingine. La tatu: kingine. Kisha akafunga waya kuizunguka springi ikiwa imeshavutika kwa jiwe la kwanza, akaondoa mawe yote. Springi ikabaki imevutika. Akaning'iniza jiwe moja, haikushuka kitu. Akaongeza la pili, ikashuka upana wa kidole kilekile.

Ilinibidi nitazame mara mbili. Kukaza ile ringi hakuifanyi springi iwe ngumu. Kunabadilisha tu pale pikipiki inapoanzia kukaa, juu zaidi au chini zaidi. Ugumu umo ndani ya chuma chenyewe, unene wake na mizunguko yake. Ukiwa na springi ya mtu wa saruji, uilegeze usilegeze, itabaki ya mtu wa saruji. Nimewaeleza jambo hili madereva watatu kijiweni kwetu Kisesa na wote wamebisha. Nami ningebisha, kama nisingeliona kwa macho yangu pale mlangoni.

Bahati yangu, shokapu za zamani mume wangu alizihifadhi stoo kwenye kiroba. Fundi akazikagua moja moja: akaibana chini kwa uzito wa mwili wake, akaiachia. Ikapanda polepole bila kuruka. Angeona inarudi kwa fujo, alisema, maana yake oili ya ndani imekwisha kazi, na hiyo haina dawa ila kununua mpya. Zangu zilikuwa nzima. Akabadilisha bushi, vile vipete vya kufungia shokapu juu na chini, zilizokuwa zimelika, akazifunga, zote mbili ngazi ya pili. Alisisitiza zote mbili ziwe ngazi moja, kwa sababu upande mmoja ukiwa juu kuliko mwingine unaisokota swingamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, na pikipiki inaanza kuvuta upande.

Tukapima upya. Mimi peke yangu: sentimita 3. Safi. Mimi na boksi: 5.8. Imezidi. Nilifikiri atapandisha ngazi, lakini akazunguka nyuma akaangalia kerea, akatikisa kichwa. Boksi langu lilikuwa limefungwa nyuma sana, nusu yake iko nje ya ekseli. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli unabonyeza shokapu kwa nguvu kuliko uzito wenyewe, na unainua gurudumu la mbele. Akatoboa matundu mapya, akalisogeza boksi mbele kwa sentimita 11, likaja karibu na mgongo wangu. 5.2. Hapo ndipo akapandisha ngazi ya nne: 4.2. Akasema inatosha, mayai yamebakiwa na karibu sentimita sita za kumeza tuta, na tukikaza zaidi tunarudi tulikotoka.

Akanipa maagizo ambayo sasa ni sehemu ya asubuhi yangu. Nikipakia, ngazi ya nne. Nikishusha trei ya mwisho, ngazi ya pili. Ile spana iliyopinda kama mundu sasa inakaa chini ya kiti, na kazi yote ni dakika moja.

Mbele nitaenda haraka kidogo ingawa ndiko alikotumia muda mrefu. Alipofungua shokapu za mbele ikatoka oili nyeusi ya injini. Mguu wa kushoto ulitoa mililita 110, wa kulia 190. Mtu aliyeijaza alikuwa anakadiria kwa macho. Ule wa kulia ndio uliokuwa unavuja: oili ikizidi, hewa iliyobaki juu inakosa nafasi, na shokapu ikibonyezwa hewa hiyo inaisukuma sili nje. Halafu oili ya injini ni nzito mno kwa vitundu vya ndani, hasa alfajiri kukiwa na baridi. Kwenye vishimo vya haraka haraka shokapu inashuka, haiwahi kupanda kabla ya shimo la pili, inashuka tena, mwisho inakuwa imelala chini kabisa na unapiga chuma kwa chuma. Hiyo ndiyo barabara ya mawe ya Mabatini jinsi nilivyoijua miezi yote saba, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ilikuwa inazidi kuwa mbaya kadiri ninavyopanda.

Aliosha kila kitu kwa petroli, akaweka sili mpya, akapima oili ya shokapu yenyewe, namba 10, kwa sirinji kubwa ya kuchomea ng'ombe, kiasi kilekile kila mguu kama kilivyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Na kabla ya kukaza ekseli ya mbele aliniambia nipande nibonyeze usukani juu chini mara kumi. Nikauliza ya nini. Kumbe ukikaza ekseli kabla miguu miwili haijakaa sambamba, inabanana, na hata oili iwe nzuri vipi shokapu haitelezi. Nilibonyeza, nikaisikia inalegea, kama mtu aliyeshusha mabega. Akazungushia mpira wa kufungia pesa kwenye bomba la mbele. Nikifika nyumbani naangalia umesukumwa mpaka wapi. Hiyo ndiyo alama ya shimo kubwa kuliko yote niliyopita siku hiyo.

Mnyororo nao aliupima nikiwa nimekaa na mzigo nyuma, kwa sababu pikipiki ikizama mnyororo unakaza. Ukiwekwa vizuri ikiwa tupu juu ya stendi, mzigo ukipanda unaweza kuvutika mpaka ukaizuia shokapu yenyewe isishuke. Upepo akaweka 25 mbele na 32 nyuma, akasema hilo ndilo la kwanza kuangalia kabla ya kumlaumu fundi yeyote.

Niliondoka saa kumi na moja jioni. Nimetoka kwenye lami ya Kisesa nikaingia njia ya vumbi ya nyumbani, nikasimamisha pikipiki, nikashuka kuangalia matairi. Nilidhani yameishiwa upepo. Hayakuwa yameishiwa. Ni njia ile ile, haikunipiga tu.

Daftari sasa. Safari ya kwanza yalivunjika 6. Ya pili 3. Ya tatu 2. Siku moja ya wiki ya pili yalivunjika 9, na kosa ni langu: nilipakia nikasahau kupandisha ngazi, nikaenda na ngazi ya pili mpaka tuta la kwanza la Nyakato, nikasikia nyuma inagonga. Toka siku hiyo spana naiweka juu ya boksi usiku ili nisiweze kupakia bila kuishika. Kwa wiki tano wastani wangu umekaa mayai 3. Miguu yangu sasa inafika chini kwa sehemu yote ya mbele ya nyayo, kwa sababu kiti kimeshuka sentimita mbili nikikaa. Mgongo umepona kiasi kwamba nimeacha kulala na chupa ya maji ya moto.

Gharama: ufundi 20,000, oili 12,000, sili 7,000, bushi 4,000. Jumla 43,000. Kwa mayai kumi na moja niliyookoa kila safari, pesa hiyo ilirudi ndani ya wiki tatu na siku chache.

Yapo nisiyoyapenda na nitayasema, maana nampenda fundi huyu lakini atakayekwenda asije kunilaumu. Anafanya pikipiki moja kwa siku, mbili zikizidi, na hana orodha ya foleni: aliyewahi ndiye. Nilimkuta kijana wa bodaboda ambaye alikuwa anatakiwa kupeleka hesabu kwa bosi jioni, ameambiwa arudi kesho, na siku kwake ni pesa. Simu akiwa kazini hapokei. Hatoi risiti, hivyo kama mwajiri wako anadai karatasi, utahangaika. Raba za kuzuia vumbi kwenye shokapu za mbele hakuwa nazo, nilizitafuta mwenyewe mjini, nikazipata duka la nne. Na alisahau taa. Pikipiki ikibadilika inavyokaa, mwanga nao unabadilika: nilipotoka alfajiri ya kesho yake na mzigo, taa ilikuwa inamulika majani ya miembe badala ya barabara. Nilirudi, akaomba radhi, akairekebisha bure nikiwa nimekaa na boksi likiwa limejaa. Lakini alfajiri ile ya giza niliogopa sana, na kitu kama hicho hakitakiwi kusahaulika.

Pia hatafunga unachotaka kama hakikufai. Nilimshuhudia akimkatalia mtu mwenye mwili mdogo kuliko wangu aliyetaka springi za kuongeza. Yule mtu alikasirika akaondoka. Mimi nilitamani kumfuata nimwonyeshe daftari.

Ukienda, nenda na mzigo wako au kitu chenye uzito sawa na huo, na kama unabeba abiria, nenda na mtu. Vaa viatu unavyoendeshea. Kama ulishabadilisha shokapu na zile za kwanza bado unazo, zibebe. Fika kabla ya saa mbili. Ukishapita stendi ya Igoma kuelekea Kisesa, uliza mzee wa mwarobaini, watakuonyesha. Jumamosi hafungui, ni Msabato.